Masinde Muliro na Mpaka wa Jimbo: Kitale na Bungoma katika Siasa ya Kenya, 1957–1992

1. Utangulizi

Katika msamiati wa siasa ya Kenya ni maneno machache yaliyobeba mzigo mzito kama neno jimbo. Katika Kiswahili cha kawaida neno hili halina makali yoyote: ni sehemu ya nchi, eneo lenye watu na mipaka yake. Nchini Tanzania hutumika kutaja eneo linalomchagua mbunge, wala hakuna anayeshtuka alisikiapo. Lakini nchini Kenya, tangu mwaka 1961, wingi wake, yaani majimbo, umekuwa jina la itikadi. Kwa wengine lilimaanisha ngao ya mnyonge dhidi ya wengi. Kwa wengine lilimaanisha ukabila uliovikwa joho la katiba. Na miaka thelathini baadaye, kwa maelfu ya wakulima wa Trans Nzoia na Bungoma, lilimaanisha amri ya kufungasha virago na kuondoka.

Makala haya yanachunguza maisha ya kisiasa ya Masinde Muliro (1922–1992), aliyekuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, naibu wa kiongozi wa chama cha KADU, waziri kabla na baada ya uhuru, na mmoja wa waasisi wa FORD. Maisha hayo yamezoeleka kusimuliwa kama orodha ya vyeo alivyovipata na kuvipoteza. Hapa yanatazamwa kwa kufuata mstari mmoja, nao ni mpaka wa kiutawala unaotenganisha Kitale na Bungoma. Inadaiwa kwamba mpaka huo, uliothibitishwa mwaka 1962 kwa mujibu wa siasa ambayo Muliro mwenyewe aliitetea, ndio uliomfanya kuwa mwanasiasa wa aina aliyokuwa; na kwamba tendo lake linalokumbukwa zaidi, yaani kura yake ya Juni 1975, halieleweki vyema mpaka lisomwe pamoja na historia ya mpaka huo.

2. Nchi ya pande mbili za Mto Nzoia

Kusini na mashariki ya Mlima Elgon, ambao Wabukusu huuita Masaba, iko nchi moja kwa umbo lakini si moja kwa utawala. Upande wa Bungoma ni nchi ya Wabukusu, walio kundi kubwa miongoni mwa Waluyia, na katika miinuko ya mlima ni nchi ya Wasabaoti. Upande wa Kitale ni uwanda wa Trans Nzoia, ambao kabla ya ukoloni ulikuwa malisho ya wafugaji. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza uwanda huo uligawiwa walowezi wa Kizungu na kuingizwa katika eneo lililokuja kuitwa Nyanda za Juu za Wazungu. Mahindi ndiyo yaliyokuwa zao lake kuu.

Walowezi walihitaji vibarua, na Bungoma ilikuwa jirani. Kwa hiyo tangu miaka ya 1920 Wabukusu wengi, pamoja na Waluyia wengine, walivuka kwenda kufanya kazi katika mashamba ya Trans Nzoia. Wengi wao walikaa humo kama maskwota: mtu alipewa kipande cha kulima na mahali pa kuchungia ng'ombe wachache, naye akalipa kwa siku zake za kazi. Watoto walizaliwa na wazee wakazikwa katika mashamba hayo, ijapokuwa sheria haikuwatambua kuwa wenyeji.

Hata reli ilitangaza mgawanyiko huo. Njia kuu ya kwenda Uganda ilipita Bungoma. Njia ya Kitale ilichipuka karibu na Eldoret, pale Leseru, ikaenda kuishia Kitale kwa ajili ya mahindi ya walowezi. Aliyetaka kutoka Bungoma kwenda Kitale kwa garimoshi alilazimika kwanza kurudi mashariki, ndipo ageuke kaskazini. Miji miwili iliyokuwa jirani ilijengwa kana kwamba haijuani: mmoja mji wa wilaya ya Waafrika, mwingine mji wa mlowezi.

Muliro alizaliwa Matili, karibu na Kimilili, katika nchi hii ya mpakani. Wazazi wake walifariki akiwa bado mdogo, na malezi yake yakawa mikononi mwa kaka yake mkubwa. Alisoma katika shule za misheni, na masomo yake yakamvusha mpaka mwingine hadi Tororo, Uganda. Mwaka 1949 alikwenda Chuo Kikuu cha Cape Town. Chama cha National kilikuwa kimetwaa serikali ya Afrika Kusini mwaka mmoja tu uliotangulia, na sheria za ubaguzi zilikuwa zikitungwa moja baada ya nyingine. Chuo hicho kilikuwa miongoni mwa vyuo vichache vya Wazungu vilivyowapokea wanafunzi wasio Wazungu, kabla ya sheria ya 1959 kuwafungia mlango. Muliro alirejea Kenya mwaka 1954 akiwa na shahada, akaingia katika kazi ya ualimu. Alirudi akiwa ameona kwa macho yake jinsi serikali inavyoweza kuchora mistari juu ya ardhi na kuwaambia watu wapi ni kwao na wapi si kwao.

3. Mwalimu aingia Barazani

Uchaguzi wa Machi 1957 ulikuwa wa kwanza kuwaruhusu Waafrika wa Kenya kuwachagua wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Haukuwa uchaguzi wa watu wote. Mpigakura alitakiwa kuwa na sifa maalumu za elimu, mali, mapato au utumishi, na mwenye sifa nyingi aliweza kupiga hadi kura tatu. Viti vilikuwa vinane. Katika eneo la Nyanza Kaskazini Muliro alimshinda W. W. W. Awori, mwanasiasa aliyekuwa tayari mjumbe wa Baraza na mwenye jina kubwa. Wenzake saba walikuwa Tom Mboya, Oginga Odinga, Ronald Ngala, Daniel arap Moi, Lawrence Oguda, Bernard Mate na James Muimi.

Wanane hao walianza kwa sauti moja. Walikataa kupokea uwaziri chini ya mpango wa katiba wa Lyttelton, wakadai viti zaidi, na shinikizo lao likachangia kuongezwa kwa viti sita vya Waafrika mwaka 1958. Lakini mwaka 1959 umoja huo ulipasuka. Muliro aliongoza Kenya National Party, chama kilichowapokea wanachama wa rangi zote. Odinga, Mboya na Julius Kiano wakaanzisha Kenya Independence Movement, ambacho kilikuwa cha Waafrika peke yao. Mara nyingi mfarakano huo umeelezwa kuwa ni wa watu wapole na watu wakali. Maelezo hayo yana ukweli, ila hayatoshi. Chini ya tofauti ya mbinu palikuwa na hofu ya makabila madogo na ya mipakani kwamba uhuru ungehamisha mamlaka yote kutoka kwa gavana mmoja na kuyaweka mikononi mwa viongozi wa makabila mawili makubwa.

Hofu hiyo ilipata chama mwaka 1960. KANU ilipoundwa kwa kuegemea Wakikuyu na Waluo, viongozi wa Wakalenjin, Waluyia, Wamijikenda, Wamasai na wengineo walikutana Ngong mwezi Juni, wakaunda KADU. Ngala akawa kiongozi, Muliro naibu wake, na Moi mwenyekiti. Katika uchaguzi wa 1961 KANU ilipata viti vingi zaidi, lakini ilikataa kuunda serikali kabla Jomo Kenyatta hajaachiliwa. Basi KADU, kwa msaada wa Michael Blundell na wajumbe wengine wa Kizungu na Kiasia, ikakubali kuunda serikali, na Muliro akawa waziri mwenye dhamana ya biashara na viwanda.

Uwaziri huo wa kwanza ulimpa uzoefu, na ulimpa pia doa. Wapinzani wake walidai kwamba KADU ilikuwa imekalia viti vilivyotayarishwa na walowezi. Si rahisi kuikanusha hoja hiyo moja kwa moja, kwani walowezi wengi waliona katika KADU kinga ya mashamba yao. Lakini ni kosa pia kuhitimisha kwamba Muliro na wenzake walikuwa vibaraka tu. Walikuwa na sababu zao wenyewe za kuiogopa serikali ya kati yenye nguvu zisizo na mipaka, na historia iliyofuata haikuwaumbua kwa hilo.

4. Mstari wa 1962

Sera ya majimbo iliwekwa wazi na KADU mwaka 1961, ikapelekwa katika mkutano wa Lancaster House wa mwaka 1962. Ilitaka nchi igawanywe katika majimbo yenye mabaraza yao ya kutunga sheria na marais wao, na yenye mamlaka juu ya ardhi na mambo mengine ya wenyeji. Waingereza walikubali sehemu kubwa ya matakwa hayo, na KANU ikayapokea shingo upande ili uhuru usicheleweshwe.

Hapo ndipo nadharia ilipokutana na ramani. Tume ya Mipaka ya Majimbo, chini ya uenyekiti wa Sir Stafford Foster-Sutton, ilizunguka nchini mwaka 1962 ikisikiliza madai. Waluyia walitaka jimbo lao wenyewe, wakalipata: Jimbo la Magharibi lilitengwa na Nyanza. Wilaya ya Elgon Nyanza, iliyokuwa imekatwa kutoka Nyanza Kaskazini mwaka 1956, ikagawanyika kuwa Bungoma na Busia. Lakini Waluyia walidai zaidi ya hayo. Walitaka Trans Nzoia, au angalau mji wa Kitale, uwe ndani ya jimbo lao, na Kitale iwe makao yake makuu. Hoja yao ilikuwa ya jasho: kwamba mashamba yale yalilimwa kwa mikono yao. Wakalenjin walijibu kwa hoja ya asili: kwamba ardhi ile ilikuwa malisho ya mababu zao kabla mlowezi hajafika, na kibarua hageuki mwenye nyumba kwa kukaa muda mrefu.

Tume iliiacha Trans Nzoia katika Jimbo la Bonde la Ufa. Jimbo la Magharibi likapata Kakamega kuwa makao yake. Kinyume chake, Wasabaoti wa Mlima Elgon, waliotaka kuwa pamoja na Wakalenjin wenzao katika Bonde la Ufa, waliachwa ndani ya Magharibi wakiwa wachache katikati ya Wabukusu. Kwa hiyo mstari mmoja ulizaa manung'uniko mawili yanayotazamana: Wabukusu wa Kitale wakawa wageni katika jimbo la wengine, na Wasabaoti wa Bungoma wakawa wageni katika nchi waliyoiita yao.

Shida hii haikuwa ya ndani ya KANU wala ya Waingereza. Ilikuwa shida ya ndani ya KADU. Naibu wa kiongozi wa chama aliitaka Kitale. Mwenyekiti wa chama, Moi, ambaye mwaka 1963 alikuja kuwa Rais wa Jimbo la Bonde la Ufa, hakuwa tayari kuitoa. Chama kilichoundwa ili kila jamii iwe na mahali pake pa usalama kiligundua kwamba jamii mbili wanachama zilipaita mahali pale pale nyumbani. Majimbo yalihitaji mpaka ulio safi, ambao kila upande una watu wake. Mpaka wa namna hiyo haukuwapo Kitale, wala haukuwapo popote ambapo walowezi walikuwa wamewachanganya watu kwa kuwatafuta vibarua.

Muliro alifanya uamuzi wenye maana kubwa. Katika uchaguzi wa Mei 1963 hakukimbilia Bungoma alikozaliwa, ambako lugha na ukoo vingemlinda. Aligombea Trans Nzoia akashinda. Kuanzia hapo akawa mbunge wa watu wa aina nyingi: Waluyia waliokuwa maskwota, Wakalenjin, Waturkana, Wakikuyu, pamoja na wafanyabiashara wa mjini Kitale. Mtetezi wa majimbo akawa mwakilishi wa eneo ambalo nadharia ya majimbo haikuwa na jibu kwalo.

5. Kutoka jimbo hadi wizara

Majimbo hayakudumu. Baada ya uhuru wa 12 Desemba 1963 serikali ya KANU iliyanyima fedha na watumishi. Tarehe 10 Novemba 1964 KADU ilijivunja na wabunge wake wakajiunga na chama tawala. Marekebisho ya katiba yaliyofuata yaliondoa mamlaka ya majimbo hatua kwa hatua. Jina lenyewe likabadilika, yakaitwa mikoa, na Seneti ikaondolewa. Kufikia mwisho wa muongo huo mkuu wa mkoa, aliyeteuliwa na Rais, alikuwa na uwezo uliokaribia ule wa mtangulizi wake wa kikoloni.

Viongozi wa KADU walipokewa kwa viwango tofauti. Moi aliingia Baraza la Mawaziri mara moja, akawa Makamu wa Rais mwaka 1967. Muliro alisubiri zaidi: ni baada ya uchaguzi wa 1969 ndipo alipopewa Wizara ya Ushirika na Huduma za Jamii.

Wizara hiyo haikuhesabiwa miongoni mwa zile kubwa, lakini kwa mtu wa Kitale na Bungoma ilikuwa na uzito wa pekee. Huko Bungoma kahawa ya mkulima mdogo iliuzwa kupitia vyama vya ushirika. Huko Trans Nzoia, walowezi walipoanza kuuza mashamba yao, watu wasio na mtaji wa kutosha walichanga fedha zao kupitia vyama na kampuni ili wanunue shamba moja kwa pamoja na kuligawana. Sheria ya vyama vya ushirika ya 1966 ilikuwa imeipa serikali uwezo mkubwa wa kuvisimamia, na Benki ya Ushirika ilikuwa imeanza kazi mwaka 1968. Wakati huohuo kituo cha utafiti cha Kitale kilikuwa kimetoa mbegu za mahindi chotara, hasa ile ya 611 iliyotolewa mwaka 1964, ambazo zilibadilisha kipato cha mkulima mdogo kama zilivyobadilisha cha mkubwa. Hivyo swali lililoshindwa kutatuliwa kwa katiba lilianza kutatuliwa kwa risiti. Mtu aliyekuwa skwota hakupewa Kitale na Tume ya Mipaka, bali aliinunua ekari kwa ekari.

Hapa ndipo mawazo ya Muliro yalipogeuka, ijapokuwa hakuutangaza mgeuko huo. Usalama wa mtu wake wa Trans Nzoia haukuweza tena kutegemea jimbo, kwa kuwa jimbo halikuwa lake na sasa halikuwapo. Ulitegemea hati ya ardhi, na hati haina nguvu kuliko sheria inayoilinda. Kwa mwenyeji wa mpakani, serikali inayofuata sheria si anasa ya wasomi. Ndiyo paa la nyumba yake.

6. Kura ya Juni 1975

Baada ya uchaguzi wa 1974 Muliro alihamishiwa Wizara ya Ujenzi. Mwezi Machi 1975 Josiah Mwangi Kariuki, Mbunge wa Nyandarua Kaskazini, aliuawa na maiti yake kupatikana Ngong. Bunge liliteua Kamati Teule ya kuchunguza mauaji hayo, na uenyekiti wake ukawa wa Elijah Mwangale, Mbunge wa Bungoma Mashariki. Taarifa ya Kamati, iliyowasilishwa mwanzoni mwa Juni, iliwanyoshea kidole maofisa wakubwa wa polisi na kueleza jinsi uchunguzi ulivyozuiwa. Kabla haijafika mezani, majina mawili ya watu waliokuwa karibu sana na Rais yaliondolewa.

Ubishi uliozuka Bungeni una maslahi ya pekee kwa wanafunzi wa lugha, kwa kuwa ulisimama juu ya kitenzi. Serikali ilikuwa radhi Bunge liipokee taarifa kama habari tu na kuendelea na shughuli nyingine; wabunge walitaka Bunge liikubali, yaani iwe kauli ya Bunge lenyewe. Isitoshe, jambo hili lilitokea katika kipindi ambacho, kwa agizo la Rais Kenyatta la Julai 1974, Kiswahili kilikuwa kimeshika nafasi ya Kiingereza katika mijadala ya Bunge. Wabunge waliozoea kujificha nyuma ya istilahi za Westminster walilazimika kutafuta maneno ambayo mwananchi wa kawaida angeyaelewa. Katika Kiswahili, tofauti kati ya kusikia jambo na kulikubali haina pa kujificha.

Kura ilipopigwa, serikali ilishindwa kwa tofauti ndogo. Muliro, akiwa waziri, aliungana na walioikubali taarifa; vivyo hivyo mawaziri wadogo wawili, John Keen na Peter Kibisu. Siku ile ile Rais aliwafukuza kazi wote watatu.

Kwa desturi ya Baraza la Mawaziri, kufukuzwa huko kulikuwa halali. Waziri anafungwa na wajibu wa pamoja: akishindwa kuunga mkono serikali, hujiuzulu kwanza ndipo apige kura. Wako waliomlaumu Muliro kwa hoja hiyo, na hoja yenyewe si dhaifu. Lakini wajibu wa pamoja una sharti lake, nalo ni kwamba uamuzi unaotetewa uwe umejadiliwa na hao wanaofungwa nao. Mauaji ya mbunge, na kuzuiwa kwa uchunguzi wake, si sera iliyowahi kuletwa mbele ya Baraza la Mawaziri ili ikubaliwe. Kumtaka waziri awajibike kwa jambo asiloweza kuulizwa ni kumtaka awe shahidi bubu.

Hapa mstari wa 1962 unaonekana tena. Wengi wameieleza kura ile kuwa ni ushujaa wa mtu binafsi, na bila shaka ulihitajika ushujaa. Lakini ulikuwapo pia mwendelezo wa fikra. Mwaka 1961 Muliro aliitaka katiba iwakinge watu na serikali ya kati kwa njia ya jimbo. Mwaka 1975, jimbo likiwa limekwisha kufa, kinga iliyosalia ilikuwa Bunge na kamati zake. Hofu ilikuwa ile ile: mamlaka yasiyoulizwa. Kilichobadilika ni mahali pa kuyauliza.

Gharama yake haikuwa ndogo. Miezi minne baadaye Jean-Marie Seroney na Martin Shikuku, wabunge wawili waliokuwa pamoja naye katika KADU, walikamatwa ndani ya majengo ya Bunge na kuwekwa kizuizini bila kushtakiwa. Muliro hakufungwa, lakini hakurudi tena katika Baraza la Mawaziri. Katika uchaguzi wa 1979 alishindwa na Fred Gumo katika kiti cha Kitale Mashariki.

7. Neno larudi

Kenyatta alifariki Agosti 1978, na Moi akawa Rais. Mtu aliyekuwa Rais wa Jimbo la Bonde la Ufa sasa alishika usukani wa serikali ya kati iliyoyavunja majimbo. Mwaka 1982 kifungu 2A cha katiba kiliifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kisheria. Uchaguzi wa 1988, ambamo wapigakura wa mchujo walipanga mlolongo nyuma ya picha za wagombea, uliwaonyesha wengi kwamba sanduku la kura lenyewe lilikuwa limeshikwa mateka.

Agosti 1991 wazee sita walitangaza kuundwa kwa FORD: Oginga Odinga, Masinde Muliro, Martin Shikuku, Philip Gachoka, Ahmed Bamahriz na George Nthenge. Odinga na Muliro, waliofarakana mwaka 1959, walikuwa tena upande mmoja. Desemba mwaka huohuo kifungu 2A kikafutwa.

Lakini katika miezi ileile neno majimbo lilifufuka, safari hii vinywani mwa wanasiasa wa KANU wa Bonde la Ufa. Katika mikutano ya hadhara ya Septemba 1991 walitishia kwamba vyama vingi vikija, majimbo nayo yatakuja, na wasio wenyeji wa Bonde la Ufa watarudi walikotoka. Neno lile lile ambalo mwaka 1961 lilikuwa kilio cha wachache dhidi ya wengi, sasa lilitolewa na walio madarakani dhidi ya majirani zao wakulima. Ghasia zilizofuata zilifika Trans Nzoia, hasa Endebess, na Bungoma upande wa Mlima Elgon. Nyumba zilichomwa pande zote mbili za mstari wa 1962, na manung'uniko yaleyale mawili yaliyozaliwa mwaka huo ndiyo yaliyotumiwa kuwa kuni. Kamati Teule ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku, katika taarifa yake ya Septemba 1992, ilihesabu vifo 779 nchini kote.

Waliofukuzwa Trans Nzoia walikuwa, wengi wao, wale wale ambao Muliro aliwawakilisha tangu 1963: wana wa maskwota walionunua ardhi kwa fedha zao. Hakuna ushahidi ulio mkali zaidi kuliko huu wa hatari iliyokuwamo ndani ya nadharia ya majimbo tangu mwanzo. Kinga iliyofungwa katika asili ya mtu humlinda yule anayehesabiwa mwenyeji. Jirani yake humgeuza mgeni, hata awe na hati mkononi.

Muliro hakuuona mwisho wa mambo hayo. Tarehe 14 Agosti 1992, akirejea kutoka London, alianguka na kufariki katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, akiwa na umri wa miaka 70. FORD, iliyokuwa tayari imeanza kupasuka, ilikosa mtu aliyeheshimiwa na pande zote mbili, ikagawanyika kabla ya uchaguzi wa Desemba. KANU ilishinda kwa kura za wachache.

8. Hitimisho

Maisha ya Muliro yanaweza kusomwa kama habari ya kushindwa: aliitaka Kitale katika Jimbo la Magharibi, hakuipata, alitaka majimbo, yakavunjwa, alipata wizara, akaipoteza, aliasisi chama, kikapasuka. Usomaji huo ni sahihi kwa tarehe, ila si sahihi kwa maana. Mambo mawili yanadhihirika. Kwanza, alitambua mapema kuliko wengi kwamba uhuru usiowekewa mipaka ungeweza kurithi tabia za ukoloni. Pili, chombo alichokichagua mwanzoni kukabiliana na hatari hiyo kilikuwa na kasoro iliyoonekana wazi kabisa katika eneo lake mwenyewe la uchaguzi; naye, bila kuandika kitabu wala kutoa tangazo, aliondoka katika kinga ya jimbo akaenda katika kinga ya sheria na Bunge, na kwa hiyo ya pili akalipa kwa uwaziri wake.

Katiba ya 2010 imerudisha serikali karibu na wananchi kwa njia ya kaunti 47, miongoni mwazo Bungoma na Trans Nzoia. Inafaa wanalugha wazingatie kwamba katika mjadala uliozaa katiba hiyo neno majimbo liliachwa polepole, na mahali pake pakashikwa na neno ugatuzi. Si badiliko la istilahi tu. Jamii ilihitaji kutaja wazo la kugawana mamlaka bila kutaja tena wazo la kumfukuza jirani, na neno la zamani halikuweza tena kuyatenganisha hayo mawili.

Chuo kikuu kinachoitwa kwa jina la Masinde Muliro kiko Kakamega, mji uliopata makao makuu ambayo yeye aliyatakia Kitale. Mwenyewe alizaliwa upande wa Bungoma, naye amezikwa upande wa Trans Nzoia, katika shamba lake, ng'ambo ya mstari ambao Tume ya Foster-Sutton ilikataa kuusogeza.